Zimwi Likujualo: Mlinzi Jirani na Askari Mgeni katika Nchi ya Embu

Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Maana yake ni kwamba adui akufahamuye huenda akakubakizia kitu, bali mgeni asiyekujua hana sababu ya kukuhurumia. Methali hii ni ya kweli mara nyingi. Lakini watu wa Kibugu, pamoja na wenzao wa sehemu zote za juu za Embu na Meru, waliipima methali hiyo kati ya mwaka 1952 na mwaka 1960, wakaona kwamba ina upande wa pili. Askari mgeni alikuja na bunduki asijue nani ni nani. Mlinzi jirani naye alipewa bunduki hali akijua kila ghala, kila mpaka wa shamba na kila ugomvi wa zamani. Ni yupi kati yao aliyetisha zaidi? Na vita vilipokwisha, ni mambo ya yupi yaliyokuwa magumu zaidi kumalizwa? Yafaa maswali haya yaangaliwe kwa utulivu, kwa kuwa hata leo ziko nchi jirani zinazojengwa upya baada ya vita, nazo zina walinzi wa kienyeji na majeshi ya kigeni vilevile.

Kibugu iko juu ya mji wa Embu, kwenye mteremko wa Mlima Kenya, katika nchi ya kahawa na chai iliyopakana na msitu. Watu wake hawakuanza kuona majeshi mwaka 1952. Mwaka 1906 Waembu walishindwa vitani na kikosi cha Serikali ya Kiingereza, na tangu hapo wakawa chini ya boma. Kwa miaka mingi baadaye nchi ilitulia. Misheni ya Kigari ikafungua shule, na katika miaka ya 1930 wilaya za Embu, Meru na Kisii zikawa miongoni mwa wilaya za kwanza za Kenya ambako Mwafrika aliruhusiwa kupanda kahawa yake mwenyewe. Kwa hiyo vita vilipokuja vilikuta nchi ya wakulima waliokwisha kuonja faida ya shamba na ya kalamu, lakini wenye malalamiko makubwa juu ya ardhi, kipande na kunyimwa sauti katika kutawala nchi yao.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Sir Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Siku hiyohiyo askari wa kikosi cha Lancashire Fusiliers walianza kuteremka Nairobi kwa ndege kutoka eneo la Mfereji wa Suez. Mwaka 1953 vikafuata vikosi vingine kutoka Uingereza, kama vile Buffs, Devons na Black Watch. Pamoja nao walikuwapo askari wa Keya, ambao maofisa wao walikuwa Waingereza na wengi wao walitoka makabila mengine ya Kenya, au Uganda na Tanganyika. Mwezi wa Juni 1953 Jenerali Erskine alikuja kushika amri ya majeshi yote. Ndege zikaangusha mabomu katika misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, na misitu hiyo ikawa marufuku: aliyeonekana ndani yake aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina.

Jeshi kubwa namna hiyo lilikuwa na upungufu mmoja ambao hauponywi kwa mizinga. Halikujua lugha wala njia, na halikuweza kumtambua mtu wa msituni akiisha kunyoa nywele na kushika jembe. Kijana kutoka Devon, aliyekuja kutimiza muda wake wa utumishi wa lazima, hakuweza kumtofautisha mwalimu wa shule na mpelekaji wa chakula msituni. Kwa sababu hiyo Serikali ilihitaji macho ya wenyeji, na ndipo walipoibuka Walinzi wa Nyumbani, ambao watu waliwaita homugadi. Vikundi vidogo vilikuwa vimekwisha kuundwa na machifu na Wakristo waliokataa kiapo. Mwaka 1953 Serikali ikavitambua rasmi kwa majina ya Kikuyu Guard, Embu Guard na Meru Guard, na mwaka uliofuata idadi yao ikapita 20,000.

Ni kosa kudhani kwamba watu hao wote walikuwa wa moyo mmoja. Walikuwapo waliokataa kiapo kwa ajili ya imani yao, na baadhi yao waliuawa kwa kukataa huko. Walikuwapo machifu na wazee wa baraza waliokuwa na cheo cha kulinda, na makarani na walimu ambao mkate wao ulitoka serikalini. Wengine waliingia kwa sababu ndugu zao waliuawa na watu wa msituni, hasa baada ya habari za kutisha za Lari, usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wakati familia za walinzi zilipochomwa moto ndani ya nyumba zao, na watu wengi wengine wakauawa mara baada ya hapo kwa kisasi. Wengine waliingia kwa sababu mlinzi hakusumbuliwa. Tena walikuwapo waliokwisha kula kiapo, wakashika mkuki wa Serikali mchana na kupeleka chakula na risasi msituni usiku. Katika nyumba moja mtoto wa kwanza aliweza kuwa mlinzi na wa pili kuwa msituni, na mama yao akapika chungu kimoja akiwafikiria wote wawili.

Mwanzoni walinzi walikuwa na mikuki, pinde na mapanga tu. Baadaye baadhi yao walipewa bunduki za marisau, nao wakakaa katika maboma yaliyozungukwa na mtaro uliochomekwa miti iliyochongwa, yenye daraja la kuinuliwa na mnara wa kuchungulia. Vita vyao vilikuwa vya kweli, na waliokufa walikuwa watu wa kweli. Hesabu za Serikali zilitaja raia Waafrika 1,819 waliouawa na watu wa Mau Mau, na upande wa pili wafuasi wa Mau Mau zaidi ya 11,000 waliouawa. Walowezi wa Kizungu waliouawa walikuwa 32. Hesabu hizo peke yake zatosha kuonyesha kwamba mzigo wa vita hivyo ulibebwa na nyumba za Waafrika.

Hatari ya kumtumia mlinzi jirani pamoja na askari mgeni ilionekana mapema, karibu sana na Embu. Mwezi wa Juni 1953 kombania ya kikosi cha 5 cha Keya iliingia nchi ya Chuka kuwatafuta watu wa msituni. Katika siku chache askari hao waliua watu 20 wasiokuwa na silaha za kujitetea, na ikagunduliwa kwamba wengi wa waliouawa walikuwa walinzi wa nyumbani, yaani watu wa upande wa Serikali yenyewe. Ofisa wa kombania hiyo, Griffiths, alishitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa habari za watu wengine wawili, na mwaka 1954 akafungwa miaka 5. Lakini kwa vifo vya wale 20 wa Chuka hakuna mtu aliyepelekwa mahakamani. Basi mwenyeji aliyedhani kwamba utiifu wake ni ngao mbele ya mgeni aliona kwamba mgeni hasomi moyo. Husoma rangi ya ngozi na mahali mtu aliposimama.

Mwezi wa Juni 1954 Serikali iliamua kuwakusanya watu vijijini. Katika muda wa miezi 15 hivi, watu zaidi ya milioni 1 wa Kikuyu na Embu walitolewa katika nyumba zao za mitawanyiko wakaingizwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa. Vijiji vilizungukwa na mitaro na seng'enge, na saa za kutoka na kuingia zikawekwa na mlinzi. Mtaro mwingine, mrefu maili nyingi, ulichimbwa kando ya msitu wa Mlima Kenya ili chakula kisipite. Waliouchimba zaidi ni wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa msituni, kizuizini au katika ulinzi. Mwanamke aliamka kabla ya jua, akachimba mtaro kwa amri, akarudi jioni na kupewa muda mfupi wa kutafuta kuni na chakula cha watoto. Wengi walipatwa na njaa, na watoto na wazee walikufa.

Hapo ndipo ile methali ya zimwi ilipogeuka. Askari mgeni alipita kijijini mara moja kwa juma, akapekua na kuondoka. Mlinzi alikaa hapo usiku na mchana. Yeye ndiye aliyejua ni mwanamke yupi ambaye mumewe yuko Manyani, ni mzee yupi mwenye mbuzi waliobaki, na ni nani aliyemshinda baba yake katika kesi ya shamba mwaka 1938. Walikuwapo walinzi walioutumia ujuzi huo kuwaokoa watu: waliofumba macho mama alipoficha unga, na walioapa mbele ya ofisa kwamba fulani hana kosa. Na walikuwapo walioutumia kulipa visasi, kutoza faini zisizo na risiti, kupiga na kuwadhulumu wanawake. Bunduki ilikuwa moja na amri ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa tabia ya mtu, na nchi isiyolindwa na kitu kingine ila tabia ya mtu mmoja mwenye bunduki haijalindwa.

Je, sheria ilikuwa wapi? Mwezi wa Machi 1954 Kanali Arthur Young, ofisa wa polisi kutoka London, alifika kuwa mkuu wa polisi wa Kenya. Alitaka polisi wawe huru kuchunguza mashitaka yote, pamoja na yale yaliyowahusu walinzi na machifu. Alizuiliwa, na mwisho wa mwaka huohuo akajiuzulu. Tarehe 18 Januari 1955 Gavana alitangaza msamaha wa pande mbili: watu wa msituni watakaojisalimisha hawatanyongwa kwa makosa yaliyotangulia siku hiyo, na walinzi hawatashitakiwa kwa makosa yao ya nyuma. Wakati huohuo Walinzi wa Nyumbani walivunjwa. Baadhi yao waliingizwa katika polisi wa kabila na akiba yake, wenye mshahara na daftari la majina. Waliobaki walirudi mashambani wakashika zamu tu za kulinda vijiji.

Kuvunja kikosi kile na kukusanya bunduki zake kulikuwa jambo la busara. Bunduki zilikuwa na namba, namba ziliandikwa, na kilichoandikwa kilirudishwa. Lakini msamaha uliotolewa kabla ya uchunguzi ulifunga mlango ambao waliodhulumiwa walitaka kupitia. Mtu aliyepigwa au kunyang'anywa mwaka 1954 hakuwa na mahali pa kupeleka neno lake, na neno lisilopelekwa barazani hukaa tumboni.

Majeshi ya Uingereza yaliondolewa katika mapigano mwezi wa Novemba 1956, majuma machache baada ya Dedan Kimathi kukamatwa tarehe 21 Oktoba. Hali ya Hatari ilikwisha rasmi tarehe 12 Januari 1960. Askari wageni walifunga mizigo yao na vita vyao vikawa hadithi ya kusimuliwa kwao. Jirani hakuwa na pa kwenda. Alibaki Kibugu, akiteka maji kwenye kijito kilekile pamoja na yule aliyetoka kizuizini.

Sasa yafaa kutazama jambo ambalo madhara yake yalidumu kuliko risasi. Mwaka 1954 Serikali ilikuwa imetoa mpango wa kilimo uliojulikana kwa jina la mtungaji wake, Roger Swynnerton. Sehemu kubwa ya mpango huo ilikuwa kukusanya vipande vya mashamba vilivyotawanyika, kumpa kila mwenye ardhi shamba moja lililopimwa, na kuliandika katika daftari. Kwa upande wa kilimo faida zake hazikanushiki. Mtu aliyekuwa na vipande 6 mbalimbali hakuweza kupanda kahawa vizuri wala kuzuia mmomonyoko. Aliyepata shamba moja aliweza. Kahawa iliongezeka, ng'ombe wa maziwa wakaingia, na baadaye chai ikapandwa katika nchi ya juu.

Lakini kazi hiyo ilifanywa wakati watu wengi hawapo. Mwishoni mwa mwaka 1954 vizuizini walikuwamo watu zaidi ya 70,000, na wengi wao walirudi kidogokidogo katika miaka iliyofuata, baada ya kupita kambi moja hadi nyingine. Katika Wilaya ya Embu ya wakati ule zilikuwapo kambi za Mwea, ambako waliozuiliwa walichimba mifereji ya mashamba ya mpunga ambayo mchele wake huliwa Kenya nzima mpaka leo. Wakati wao wanachimba Mwea, kamati za wazee katika Mkoa wa Kati zilikuwa zikiamua mipaka ya mashamba. Waliokaa katika kamati walikuwa hasa watu walioaminiwa na Serikali. Mtu aliye kizuizini alitetewa na mkewe au ndugu yake, kama yupo na kama alithubutu kusema. Mwenye cheti cha uaminifu aliruhusiwa kusafiri na kupanda kahawa, na katika uchaguzi wa Machi 1957 ndiye peke yake, miongoni mwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, aliyeweza kupiga kura. Mwaka huo Bernard Mate, mtu wa Meru, alichaguliwa kuwa mjumbe wa Mkoa wa Kati akimshinda Eliud Mathu.

Tena sheria ya mwaka 1957 ilisimamisha kesi za ardhi katika sehemu ambako mashamba yalikuwa yakikusanywa, na sheria ya mwaka 1959 ikasema kwamba jina lililoandikwa mara ya kwanza katika daftari halitaondolewa, hata ikidaiwa kwamba liliandikwa kwa hila. Kanuni hiyo iliingizwa katika sheria ya ardhi ya mwaka 1963, nayo haikuondoka vitabuni mpaka sheria mpya ya mwaka 2012. Basi mtu aliyerudi akakuta shamba la baba yake limepungua, au limesogezwa kwenye mawe, hakuwa na mahakama ya kumsikiliza. Bunduki ya mlinzi ilirudishwa ghalani mwaka 1955, lakini kalamu iliyoandika wakati mwenzake hayupo iliendelea kutawala kwa zaidi ya miaka 50. Karani yeyote ajuaye uzito wa daftari ataelewa jambo hili bila kuelezwa zaidi.

Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, watu wa mwisho wa msituni walitoka kwa msamaha, miongoni mwao Musa Mwariama wa Meru. Jomo Kenyatta aliwataka wananchi wasahau yaliyopita na kusema kwamba wote walipigania uhuru. Kwa maneno hayo nchi iliepuka mauaji ya kisasi ambayo wengi waliyaogopa, na hiyo ni neema isiyopaswa kudharauliwa. Lakini Jenerali Baimungi, naye wa Meru, alirudi msituni kwa kutoridhika na habari ya ardhi, akauawa na askari wa Serikali mpya mwaka 1965. Marufuku juu ya jina la Mau Mau haikuondolewa mpaka mwaka 2003. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni, ikakubali kutoa paundi milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228 walioteswa. Wengi waliostahili kusikia maneno hayo walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Mambo kama haya hayakuwa ya Kenya peke yake. Huko Malaya, Waingereza hao hao walitangulia kuwakusanya watu katika vijiji vipya na kuunda walinzi wa nyumbani kuanzia mwaka 1950. Katika Somalia, majeshi ya Umoja wa Afrika yaliingia mwaka 2007, na ya Kenya yakavuka mpaka mwezi wa Oktoba 2011. Mwaka 2022 wanamgambo wa koo za Hiran, waitwao Macawiisley, walishika silaha pamoja na jeshi la Serikali dhidi ya Al-Shabaab na kukomboa vijiji vingi. Katika Kongo ya mashariki, askari wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikaa tangu Novemba 2022 hadi Desemba 2023 wakaondoka. Vijana waitwao Wazalendo walishika silaha upande wa Serikali, hata hivyo mji wa Goma ukatekwa na M23 mwezi wa Januari 2025. Kila mahali askari mgeni huja na tarehe ya kuondoka. Mwanamgambo hana tarehe hiyo, kwa kuwa hapo alipo ni kwao.

Kutokana na yaliyotokea Embu na Meru, mambo matatu yaonekana wazi. Kwanza, kabla mwenyeji hajapewa bunduki, ijulikane ni nani atakayemhukumu akiitumia vibaya, naye hakimu huyo asiwe mkubwa wake aliyempa bunduki. Pili, kila silaha iandikwe na jina la aliyeichukua, ili siku ya amani idaiwe. Kisichohesabiwa wakati wa kutoka hakihesabiki wakati wa kurudi. Tatu, ardhi isigawanywe wala mipaka isiandikwe wakati nusu ya wenyewe wako vitani, kizuizini au ukimbizini. Tingatinga na barabara zaweza kuja mapema, na shule na zahanati zafaa zije mapema zaidi. Daftari la mashamba na lingoje mpaka watu warudi.

Leo katika nchi ya juu ya Embu wajukuu wa walinzi na wajukuu wa watu wa msituni hupeleka majani ya chai katika kituo kimoja cha mizani, huoana, na huzikana. Wengi wao hawajui babu zao walisimama upande gani, na wazee wachache waliobaki husita kusema. Kusita huko kwaeleweka, lakini si kuzuri. Mtoto asiyesimuliwa ataona siku moja mpaka wa shamba lao umepinda bila sababu, na atajitungia sababu yake mwenyewe, ambayo huenda ikawa mbaya kuliko ile ya kweli. Na wasimuliwe wangali wadogo, wakiwa wameketi pamoja, na walio hai waseme habari za pande zote mbili: mlinzi aliyefumba macho mama akapitisha unga, na mlinzi aliyemnyang'anya, mtu wa msituni aliyetaka nchi yake, na yule aliyechoma nyumba yenye watoto. Wakiyasikia yote hayo kwa pamoja, watakapoambiwa siku nyingine kwamba kijiji hakiwezi kulindwa ila kwa kumpa jirani bunduki, watajua maswali ya kuuliza kwanza.